Shoga Yangu Katolewa Kundini

Mama mkubwa aliingia dukani kwangu bila hodi, simu kaishika kwa vidole viwili kama mtu aliyekamata panya kwa mkia.

"Wewe mtoto, umenifukuza?"

Niliacha cherehani. Mimi ndiye msimamizi wa kundi la mafundi wa kushona mtandaoni, na yeye, dada yake mama, ndiye aliyenifundisha kushika sindano. Kumfukuza nisingethubutu hata ndotoni.

"Sijakufukuza, mama. Kwani umeandika nini?"

"Salamu tu! 'Shoga, leo ndiyo wanakupasua, usiogope.'"

Neno 'shoga' nililipiga marufuku jana jioni. Kuna kijana kundini tunamwita Nakshi, anatarizi magauni ya harusi, na mkono wake una baraka. Wajinga fulani walikuwa wakimwandama kwa neno hilo kila akiweka picha ya kazi yake, kwa ile maana ya kumdhalilisha mwanamume, mpaka akaondoka. Nilikasirika, na mimi nikikasirika sina breki. Nikaweka mtego: ujumbe wote wa zamani wenye neno hilo ukafutika, na atakayeliandika tena anatolewa papo hapo. Nikamwahidi Nakshi kwamba hataliona tena. Asubuhi akarudi.

Lakini mtego haujui kwamba kuna wanawake wawili wanaoitana hivyo tangu wakiwa vigori.

"Si umpigie simu?"

"Nimpigie kiziwi? Hilo kundi ndilo mlango pekee anaoujua."

Nikafungua simu yangu. Shoga yake, aliyelazwa hospitali, alikuwa ameandika: "Mwenzangu yuko wapi? Amekufa mnanificha? Siingii kupasuliwa mpaka anijibu."

Nikampa Mama mkubwa simu yangu, nikamsihi atumie neno jingine. Akaandika huku amenuna: "Rafiki yangu mpendwa, mimi mzima, nimeazima simu."

Jibu halikukawia. "Huyo si yeye. Hajaniita rafiki maisha yake yote. Semeni ukweli, amekufa lini?"

Mama mkubwa akakaa juu ya rundo la vitambaa, akaanza kulia. Nilikuwa sijawahi kumwona akilia, hata msibani yeye ndiye hubembeleza wengine. Ningeweza kuuondoa mtego palepale, lakini ahadi ni deni, na aliyeahidiwa alikuwa ng'ambo ya barabara.

Nilimkuta Nakshi akishonea shanga kwenye shela. Nikamweleza yote kwa pumzi moja. Akaniuliza:

"Dada, na ule wa Mama mkubwa umeufuta?"

"Upi?"

"Siku ile wananitukana, aliniandikia: 'Usilie, shoga yangu, shika sindano.' Nilicheka peke yangu humu ndani. Unadhani nimerudi kwa ajili ya ahadi yako? Nilirudi kuusoma tena. Nimeutafuta tangu asubuhi."

Nilijisikia vibaya, wala sikujitetea. Kwa hasira zangu nilikuwa nimekata kitambaa pamoja na meza.

"Uondoe mtego wako," akasema. "Wakinitukana, watoe wao."

Nikauondoa nikiwa nimesimama pale mlangoni. Kuanzia leo nitasoma kila ujumbe kwa macho yangu, yakiuma yaume. Nikamrudisha Mama mkubwa kundini, nikakimbilia dukani kumwambia. Akapangusa machozi, akaandika kwa kidole kimoja: "Shoga, ni mimi."

Tukasubiri. Mama mkubwa hakuiachia simu hata nilipomletea maji.

Jibu la shoga yake likaingia: "Wewe mwanamke! Kuna tapeli hapa kajifanya wewe, ananiita rafiki mpendwa. Haya, sasa naingia."

Mama mkubwa akacheka huku machozi yakimtoka. Kabla hajajibu, ujumbe mwingine ukaingia, wa Nakshi: "Nenda salama, shoga yetu."

Niliusoma mara mbili, nikauacha palepale.