Bidoni Mbili za Riziki

Waliompiga Fahadi walishika mawe. Mimi nilishika simu, na mimi ndiye niliyeanza.

Miaka sita niliandika gazetini Bujumbura chini ya mzee Venanti, mhariri mwenye makelele na kalamu nyekundu. Ukimletea habari ya mtuhumiwa ambaye hukumuuliza, anaichana mbele yako. "Gazeti linalala usiku mmoja kabla halijasomwa," alikuwa akisema. "Usiku huo ndio akili yake." Gazeti lilipokufa nikarudi kwetu Rumonge, kando ya ziwa, nikafungua blogu, Sauti ya Mwambao, bila kuweka jina langu. Blogu hailali. Anayetangulia ndiye anayesomwa, na anayesomwa ndiye anayepata matangazo. Nikamcheka Venanti, nikamwita kobe.

Jumatano alfajiri, Riziki, mama mwenye kinu cha kukamulia mawese kule Minago, alivunjiwa mlango na kuibiwa bidoni kumi, madumu yaliyojaa mawese. Kila bidoni yake ina mkanda wa rangi nyekundu shingoni. Saa nne msomaji akanitumia picha: Fahadi, mchuuzi wa soko la Rumonge, anaingia sokoni kwa baiskeli na bidoni mbili nyuma, mikanda myekundu inaonekana wazi.

Hapa ndipo ninapojichukia. Kila mtu wa mwambao anajua kwamba ukienda kukamua bila chombo, mwenye kinu anakuazima bidoni zake, nawe unazirudisha zimeoshwa siku ya soko. Mama yangu alibeba bidoni zenye alama za watu maisha yake yote. Swali moja tu, "Umezitoa wapi?", lingetosha. Lakini niliambiwa mwenye blogu nyingine naye anayo picha ile. Nikaandika: MWIZI WA MAWESE HUYU HAPA, YUKO SOKONI SASA HIVI. Nikabonyeza.

Dakika ishirini, wasomaji elfu tatu. Nilifurahi, Mungu anisamehe. Kisha Venanti, aliyeujua uandishi wangu hata bila jina, akapiga simu.

"Scovia, huyo mutu umemuuliza?"

"Iko foto, mzee."

"Sikukuuliza foto."

Nikakata. Nikampigia Riziki kwa hasira, ili nimwonyeshe mzee kwamba mambo yake yamepitwa na wakati.

"Fahadi?" akasema Riziki. "Zile mbili nilimupatia mimi mwenyewe juzi. Alikuya kukamua, hakukuwa na bidoni."

Nikamwambia akimbilie sokoni. Nami nikadandia pikipiki.

Nilimkuta Fahadi chini, katikati ya dagaa waliokanyagwa, na mawese yamemwagika hata sikujua damu ni ipi. Mtu alimshushia mchi wa kutwangia sombe, majani ya muhogo, kwenye goti, mfupa ukalia. Mwingine alishika kasia kwa mikono miwili.

"Si mwizi," nilipiga kelele. Mwanaume mmoja akanisogezea simu usoni.

"Soma, mama. Iko mu blogu."

"Ni mimi nimeiandika."

Akacheka. "Wewe? Ile blogu haina mwenyewe."

Nikaandika nimesimama: Fahadi si mwizi, aliazimwa bidoni, nimekosea mimi Scovia. Nikabonyeza. Simu zikaanza kulia mifukoni mwao, moja baada ya nyingine. Hakuna aliyetoa yake, kwa sababu mikono ilikuwa na mawe.

Nikajitupa juu ya Fahadi. Kasia likanivunja mkono wa kushoto. Pigo la pili likashuka kichwani kwake, karibu kabisa na sikio langu. Alikuwa akisema kitu. "Ni za kuazima," alikuwa akisema, "ni za kuazima." Alirudia hivyo mpaka akanyamaza.

Riziki ndiye waliyemsikiliza, alipofika. Wakatawanyika, kila mmoja sasa anaangalia simu yake. Fahadi tulimfunika kwa kitenge cha Riziki.

Siku ya soko iliyofuata, Raisa, dada yake Fahadi, alisimama mlangoni kwangu na bidoni mbili mikononi. Alikuwa amezisugua kwa mchanga wa ziwa mpaka rangi nyekundu imeanza kutoka. Nikaanza kuomba msamaha.

"Naenda Minago kuzirudisha," akasema. "Piga foto. Andika kama zimerudi."

Nikachukua simu kwa mkono uliobaki mzima.

"Ngoja," akasema Raisa. "Kwanza uniulize nimezitoa wapi."