Nilivyoota Kwenye Uwanda wa Lusito

Usiku wa jana niliota, na kosa langu lilianzia hapo.

Nilikuwa kwenye uwanda wa Lusito, ambako sisi tunaojitolea hung'oa miche ya miwati, miti ya kigeni inayovamia uwanda, kila Jumamosi ili nyasi na maua yapate jua. Nimeinama. Nimeshika mche chini kabisa ya shina, kama tulivyofundishwa.

"Shikamoo," mche unasema.

"Marahaba. Samahani, nakung'oa."

"Sawa tu. Ila ungeanza na wewe mwenyewe."

Natazama chini. Miguu yangu imezama ardhini hadi kwenye vifundo.

Dada Atupele, msimamizi wetu, anafika na jembe begani. "Kaka Ambilikile, unafanya nini hapo?"

"Naota," nikamjibu, kwa kuwa ndiyo kweli.

"Kwa ruhusa ya nani? Hapa vinaota nyasi na maua tu. Wewe ni ua?"

Nikafikiri taratibu, nisije nikajipendelea. "Hapana."

Kivulini mwangu kuna ua dogo la zambarau, bado limefumba. "Sikulaumu, kaka," linasema. "Lakini mimi nachanua leo tu, na wewe umenizibia jua."

Najaribu kusogea. Sisogei. Kivuli changu kinazidi kutoa matawi.

"Ning'oeni," nikasema.

Watu kumi na wawili wakanishika kiuno. Ghafla tuko sebuleni kwa mama mkwe wangu. Naye anashika. "Utanisamehe, mkwe," anasema, huku ameangalia pembeni. Wanavuta. Wananitekenya. Nacheka, nao wanacheka, na hakuna anayevuta tena.

"Ukicheka unakaza mizizi," mche ukanieleza. Tulikuwa tumerudi uwandani. "Toa pumzi."

Nikatoa pumzi. Nikachomoka. Wote wakaanguka chali, mama mkwe juu yao, kanga ikiwa mahali pake. Jua likapita, na ua likafunguka bila haraka, kama mtu anayekunjua barua.

"Ahsanteni," likasema. "Sasa kanyweni chai."

Atupele pekee hakucheka. Alikuwa anakagua nyayo zangu. "Mzizi umekatika," akasema. "Huyu ataota tena."

Nikaamka. Mke wangu, Sekela, alikuwa anafungua pazia.

"Umeota tena?" akauliza.

Nikageuza kisigino cha kushoto. Palikuwa na mzizi mweupe, mbichi, mfupi kuliko njiti ya kiberiti.

"Kidogo tu," nikamwambia.