Kasoro za Kidude cha Montreal

Raili Karppinen aliandika "wahandisi hodari", mkubwa wake pale ofisi ya mji akalikata neno "hodari". Alisema watu watatucheka. Kwa hiyo kijitabu cha kuwavutia waajiri waje Oulu, mji wao wa kaskazini, kilichapwa hivi: "Mji una wahandisi wa kutosha na vyuo viwili." Raili aliwahi kusoma tangazo la baiskeli kuukuu lenye mbwembwe kuliko kijitabu hicho.

Hata hivyo kijitabu kilifika Montreal, na Jumanne moja ya Februari wageni watatu wakatua na viatu visivyofaa kwa theluji. Kampuni yao hutengeneza kibandiko cha kifuani chenye kisanduku kidogo cha kuvaa mkandani, ambacho hupeleka mapigo ya moyo wa mgonjwa hospitalini bila waya. Walikuwa wakitafuta mji wa kufungulia maabara ya watu mia na ishirini. Kesho yake wangepanda ndege kwenda kuangalia mji mwingine, Ujerumani.

Raili alikuwa na sababu yake ya kuitaka maabara hiyo, na nyumbani hakuificha. Binti yake Hilla alikuwa anamaliza chuo kikuu mwezi wa tano, masomo ya mawimbi ya redio. Mkataba wa kazi kutoka Munich ulikuwa umebanwa kwa sumaku kwenye friji, ukingoja sahihi hadi Ijumaa. Kaka yake Hilla alishaondoka hivyohivyo, na sasa wajukuu wa Raili humsalimia kwenye simu kwa Kiswidi.

"Sitaki kwenda, Mama," Hilla alimwambia asubuhi hiyo akifunga buti. "Lakini siwezi kubaki hapa kazi yangu iwe kukuangalia uso."

"Uso wenyewe hauna cha kuangalia," Raili alisema. "Uwe chuoni saa nne. Na uchane nywele."

Walikutana kwenye chumba cha vipimo cha chuo, mkubwa wa Raili naye akiwapo, juu ya meza kahawa na mikate ya mdalasini. Mtu ambaye Raili alimtegemea hasa ni Veikko Juntunen. Alifanya kazi miaka ishirini na sita kwenye kiwanda cha simu mpaka kilipofungwa, na sasa anafundisha siku mbili kwa wiki. Hilla ni mwanafunzi wake. Ofisi ya hataza imesajili uvumbuzi kumi na mmoja kwa jina lake.

Kiongozi wa wageni, Odile Gagnon, alimwuliza ana uzoefu gani na antena ndogo.

Veikko alikitazama kikombe chake. "Nimewahi kuzigusagusa," akasema.

Kwa watu wa Oulu jibu lilikuwa limekamilika. Odile alingoja liendelee, halikuendelea, akaandika neno moja kwenye daftari. Akamgeukia Hilla, akamwuliza masomo yanakwendaje. Hilla akasema hajafeli bado. Odile akafunga kalamu.

Raili angeweza kusimama na kuzitaja hataza zote kumi na moja. Lakini alimjua Veikko. Ukimsifu mbele ya wageni atachukua kofia yake atoke, na Hilla hatamsemesha mama yake mpaka Pasaka. Ndipo alipokiona kile kisanduku kimewekwa mezani kando ya mikate.

"Veikko," alisema, "hebu achana na hayo. Kitazame hicho kidude chao. Kina kasoro gani?"

Mkubwa wa Raili akakohoa. Mgeni mmoja akaacha kutafuna. Veikko alivaa miwani, akaomba ruhusa ya kukifungua, na alipoanza kusema alisema dakika arobaini. Antena imeelekezwa tumboni kwa mgonjwa, na mwili unameza mawimbi. Skrubu imekaa mahali ambapo skrubu haitakiwi kukaa. Alichora kwenye karatasi ya kufungia mikate, na wageni wakasogeza viti.

"Kwenye baridi mmekipima?" Hilla aliuliza.

"Mpaka sifuri," Odile alisema.

"Sifuri? Sifuri sisi tunatembea vichwa wazi."

Hilla akajibandika kibandiko, akaning'iniza kisanduku mkandani juu ya koti, akatoka kusimama penye baiskeli za wanafunzi. Nje ilikuwa nyuzi ishirini na mbili chini ya sifuri. Walimwangalia dirishani, na kwenye kompyuta ya wageni wakauangalia moyo wake. Baada ya dakika tisa mstari ukalala.

Hilla alirudi na barafu kwenye kope. "Nimekufa saa ngapi?" akauliza.

Hakuna aliyecheka isipokuwa Veikko. Odile aliuliza kama jambo hilo linatengenezeka.

"Labda," Veikko alisema.

Odile aliishika tena kalamu yake, na Raili akaona kwamba akinyamaza yeye sasa, basi tena. "Bi Gagnon, kwetu sisi 'labda' maana yake ameshajua namna."

Veikko akawa mwekundu mpaka masikioni, lakini hakukanusha.

"Na 'nimewahi kuzigusagusa'?" Odile aliuliza.

"Hataza kumi na moja."

"Kumi," Veikko alisema, akiiangalia kofia yake. "Ile ya mwisho kazi kubwa kaifanya huyu msichana."

Raili alimgeukia binti yake. Hakuwa na habari. Hilla alikuwa anabandua kibandiko kwa bidii nyingi mno.

Wageni waliahirisha ndege kwa siku mbili, wakanunua buti. Alhamisi kisanduku, baada ya Veikko na Hilla kukirekebisha, kilikaa saa sita penye baiskeli kikipeleka mapigo ya Veikko, aliyekuwa anaingia na kutoka akilalamika kuhusu kahawa ya chuo. Odile hakuahidi kitu. Aliomba tu vipimo vya ghorofa mbili zilizokuwa tupu kwenye kiwanda kile cha zamani, na nambari ya simu ya Hilla.

Ijumaa Hilla alipiga simu Munich akaomba wiki mbili zaidi. Kisha akautoa mkataba kwenye friji, akautia kwenye droo ya vijiko.

"Kwa hiyo unabaki?" Raili aliuliza.

"Labda," Hilla alisema.

Raili hakuuliza tena. Alijaza maji kwenye birika, akachemsha kahawa ya watu wawili.