Wakili Aliyesubiriwa

Nyirabahire, jirani wa upande wa chini, anaapa kwa mama yake mzazi kwamba alipokuwa anatoka hospitali Nyakahanga alimwona Winston, mtoto wa Kaijage, akishuka kwenye gari la serikali, suti nyeusi, na polisi kambebea begi. "Wakili wetu kafika!" alitangaza kisimani, na kabla ndoo haijajaa kijiji kizima cha Nyakatuntu kilishajua.

Benitha, dada yake Winston, ndiye aliyemfungulia mlango. Kumbe Winston alikuja kwa bodaboda, mabega yameshuka, digrii yake ya sheria ikiwa ndani ya bahasha. Akala ndizi na maharage polepole, kama mtu aliyetoka kulima.

Hakumaliza. Mama Ingabire, mjane, alishakaa kibarazani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, Wakili wangu. Kesho ni baraza la kata. Shemeji yangu kang'oa tena miti ya mpaka, ile milamula, kaingia kwenye migomba yangu. Watu walinishauri nipatane naye, nikubali nusu. Nikasema hapana, namsubiri mtoto wa Kaijage."

Benitha akainamisha macho. Ni yeye aliyemwambia mjane huyo asubiri.

"Mama," Winston alisema taratibu, "mimi bado si wakili. Nimemaliza chuo tu. Kuna mafunzo mengine Dar es Salaam, halafu mitihani, halafu kuapishwa. Nikisimama kesho kama wakili, mwenye kosa ni mimi."

"Miaka yote hiyo? Sasa umesomea kuwa nani?"

"Mtu anaweza kuwa hakimu, mwendesha mashtaka, ofisa sheria wa halmashauri. Kila mlango una foleni, mama."

"Foleni!" Mama Ingabire akacheka bila furaha. "Shemeji yangu hapangi foleni." Akajifunga kanga, akaondoka.

Benitha akakusanya sahani. Mikono ilimuuma; alikuwa amepalilia tangu alfajiri, kama alivyopalilia mwaka baada ya mwaka, yeye na darasa lake la saba, ili huyu mdogo wake asome. Hasira hakuwa nayo. Alikuwa amechoka tu, na alimwona naye amechoka.

"Winston."

"Naam, dada."

"Sijasema usimame. Sijasema useme hata neno. Kaa tu naye benchi moja. Yule shemeji yake akikuona pale, huenda akashusha sauti, wazee wa baraza wakamsikia mama wa watu naye. Utakwenda?"

Winston akavua kiatu kimoja, akaitazama soli yake, akaanza kufungua kamba za cha pili. "Baraza linaanza saa ngapi, dada?"