Wa Kulia na wa Kushoto

Mwalimu wa darasa la tatu, ambaye shule nzima ilimwita Bibi Chaki, hakuwa na wasiwasi hata chembe. Shule ilikuwa inaingia kwenye mtaala wa kimataifa, ule wa watoto kujifunza kwa kuuliza na kutengeneza vitu, na mwalimu atakayeshindwa mbele ya mkaguzi ataondolewa darasani, akagawe vitabu stoo. Wenzake matumbo joto. Yeye? Thubutu! Mkaguzi mwenyewe alikuwa mwanafunzi wake wa zamani.

"Yule ni mwanangu," aliwatambia ofisini wiki nzima. "Kalamu nimemshikisha mimi!"

Tena alikuwa na ujanja wake wa miaka ishirini na sita. Mgeni akija, darasa zima linanyoosha mikono: anayejua jibu, wa kulia, asiyejua, wa kushoto. Mwalimu anachagua wa kulia, mgeni anaondoka anatabasamu. Asubuhi hiyo aliwakumbusha watoto, wakaitikia kwa pamoja.

Mkaguzi aliingia, akampa shikamoo kwa heshima zote, akakaa nyuma. Mezani palikuwa na betri, nyaya na taa ndogo. Bibi Chaki akauliza kwa nini taa haiwaki. Mikono juu! Akachagua, jibu likaja sawasawa. Akauliza tena, sawasawa. Akamtupia mkaguzi jicho la kujidai.

"Naomba sasa nichague mimi," mkaguzi akasema.

Akapita katikati ya madawati, akamchagua binti aliyenyoosha wa kushoto. Kimya. Akachagua mwingine, wa kushoto. Kimya. Wa tatu akainamisha kichwa, akanong'ona, "Lakini mimi ni wa kushoto."

Lo! Bibi Chaki alitamani ardhi ipasuke immeze. Kengele ilipolia na watoto wakatoka, alijichekesha.

"Mwanangu, we si unanijua? Usiniharibie."

"Nakujua, Mwalimu." Wala hakuwa na hasira. "Kila mgeni alipokuja, mimi nilinyoosha wa kushoto. Na wageni walipoondoka, hukuwahi hata siku moja kuniuliza ni nini sijui."

Bibi Chaki alijaribu kumkumbuka mtoto huyo aliyemjivunia wiki nzima: alikaa dawati gani, alikuwa na sura gani. Hakukumbuka chochote. Hakusubiri ripoti, alikwenda mwenyewe kwa mwalimu mkuu, akaomba funguo za stoo.