Kibarua Kilichoota Nyasi

Saa moja na robo asubuhi Mama Miche alikuwa amefika safu ya nne, akimwagilia miche ya miparachichi kwa mpira wenye matundu mawili aliyoyaziba mwenyewe kwa nailoni. Mwaka wa kumi na moja huo, bado ni kibarua wa kitalu. Utaratibu ulisema anayezidisha miezi mitatu mfululizo anastahili ajira ya kudumu, kwa hiyo kila miezi mitatu ilipotimia vibarua walisimamishwa siku moja, kisha wakarudishwa kuanza kuhesabiwa upya.

Meneja, mtu wa utani, alikuwa na maneno yaleyale kwa siku hiyo.

"Mama Miche, kibarua chako kimeota nyasi. Tuonane keshokutwa."

Miaka yote alikuwa anacheka kwa adabu. Safari hii aliangalia chini, akaona nyasi zimeota katikati ya vidole vyake. Alijaribu kunyanyua mguu, ukakataa, maana mizizi ilishatoka kwenye nyayo na kuzama ardhini. Akamwambia meneja kwamba kesho hataweza kutokuwepo, akaendelea kumwagilia hadi pale mpira ulipofikia.

Meneja aliona mambo yanaharibika. Akishinda hapo kesho, mfululizo haukatiki. Akamwita bwana shamba aje amng'oe, ikibidi kwa jembe.

Bwana shamba alichimba taratibu, kama mtu aliyesomea. Alikuta mizizi imesambaa kitalu kizima, imepenya kila kiriba, kile kifuko cha mche, kwa chini, imeshika miche yote isimame wima. Akakata mmoja mwembamba, akauchungulia. Ganda lilikuwepo, na nyama yake ya kuweka akiba, na katikati mishipa ya kupitisha maji na chakula. Kila kitu kilikuwa mahali pake, ila mishipa yote ilielekea kwenye miche. Kwa mama mwenyewe hakikuwa kinarudi kitu. Hapohapo safu ya tisa ikalala kifudifudi.

"Tukimng'oa huyu, bosi, hatuna kitalu," alisema, akafukia.

Mama Miche alifurahi, tena sana. Mvumilivu hula mbivu, alimwambia binti yake aliyemletea chakula cha mchana, na mbivu yenyewe ilikuwa barua ya ajira. Alikaa hapo siku ya kwanza, ya pili na ya tatu. Miparachichi ikapanda shibiri nzima, yeye akapungua hadi kanga ikawa inamzunguka mara tatu.

Siku ya nne meneja alikuja kumjibu kuhusu barua.

"Daftari la mahudhurio halitoki ofisini, mama. Hukuja kusaini, kwa hiyo hukuwepo."

Ofisi ilikuwa hatua arobaini kutoka pale. Meneja alisema hayo akiwa amesimama mbele yake, kivuli chake kimemfunika mama hadi kiunoni. Mama Miche aliumia kuliko alivyoumia mzizi ulipokatwa, lakini miche haikutikisika.

Kwa kuwa kibarua ametoroka kazini, nafasi ilikuwa wazi. Binti yake aliichukua kesho yake, akasaini daftari, akashika mpira. Alipofika safu ya nne alimmwagilia mama yake miguuni.

"Mwanangu, usisimame sana mahali pamoja."

"Nimesikia, mama," alisema, akavua viatu visije vikalowa.