Nywele Zilizomwona Mama

Miaka ile ya ruksa kila kitu kiliruhusiwa. Wanunuzi wa pamba wenye malori yao binafsi walikuwa wakiingia mpaka kwenye njia za ng'ombe, kila mmoja akidai mizani yake ndiyo ya haki. Siku za mnada mitumba ilimwagwa chini kama mahindi ya kuanikwa, na wazee waliovaa kaniki tangu ujana wao wakaanza kwenda kuchunga na makoti ya suti ya watu waliofia Ulaya. Ruksa, ruksa, ruksa. Lakini nywele za mtoto wa shule, jamani, hizo hazikuipata ruksa hiyo. Mwanafunzi alitakiwa kipara, mvulana kwa msichana, na atakayebisha mikono yake ipo.

Mwalimu Anyesi Novatus aliletwa mwezi wa nne kwenye shule moja ya msingi upande wa Lagangabilili, akapewa darasa la saba. Alikuwa na miaka ishirini na sita. Kwao ni Nassa, nyumba ya Wakristo wa siku nyingi, watu wa kupiga pasi mpaka leso. Yeye mwenyewe alikuwa na nywele ndefu za kalikiti, alizotengenezea Bariadi mjini, na watoto walipenda kumtazama anapogeuka ubaoni. Hakuwa mtu mbaya. Hilo lieleweke mapema, maana ukishasikia alichofanya utataka kumchukia, na ukimchukia utakuwa umejirahisishia mambo.

Tena mtoto aliyemfanyia alikuwa kipenzi chake. Nyanjige, binti Bundala, miaka kumi na minne, mwembamba, msemaji wa kulazimishwa. Hesabu alikuwa akizimaliza kabla mwalimu hajamaliza kuziandika. Anyesi alishajiapiza kwamba mtoto huyu lazima aende sekondari, awe msichana wa kwanza kutoka kijiji kile, na kwa sababu hiyo alimbana kuliko wengine wote. Sare ya Nyanjige ikiwa na doa, mwalimu aliliona. Akichelewa dakika mbili, mwalimu alikuwa mlangoni.

Na nywele aliziona. Tangu mwalimu afike, nywele za Nyanjige zilikuwa zinakua tu, zimefika urefu wa kiungo cha kidole, zimejaa kichwa kizima kama za mtoto asiye na mwenyewe. Mara tatu Anyesi alimwambia anyoe. Mara tatu mtoto akaitika, "Ndiyo, mwalimu," akarudi kesho yake vilevile.

Katikati ya Juni ikaja barua kwamba wakaguzi watafika shuleni siku ya Jumatano. Ukisema wakaguzi, walimu wa enzi hizo waliumwa tumbo. Jumatatu mwalimu mkuu, Mwalimu Maganga, akatangaza mstarini: sare safi, kucha fupi, vichwa vipara. Jumanne asubuhi Anyesi, aliyekuwa wa zamu, akapita mstari kwa mstari na mkasi mfukoni na fimbo mkononi. Akawatoa mbele wasichana kumi na wanne wenye nywele. Wa mwisho kutoka alikuwa Nyanjige.

"Na wewe?" Anyesi alisema, na moyo ulimuuma kweli, maana alihisi kama amedharauliwa na mtu wa nyumbani. "Wewe ninayekutegemea! Nimekwambia mara ngapi?"

"Mara tatu, mwalimu."

"Kwa hiyo unajua kuhesabu. Mama yako yuko wapi, ameshindwa hata kukunyoa?"

Nyanjige alitazama chini. "Amesafiri."

"Amesafiri tangu lini?"

"Tangu mwezi wa pili."

"Safari ya miezi minne! Ameenda kuhiji?" Mwalimu alitegemea watoto wacheke. Siku zote walicheka akitania. Siku hiyo hakucheka hata mmoja, na Flora, rafiki wa Nyanjige, akanyoosha kidole juu huku anakitikisa.

"Mwalimu, mwalimu, yeye kwao—"

"Nani kakuuliza? Shusha mkono."

Flora akashusha mkono. Mara ngapi baadaye Anyesi alikuja kuukumbuka mkono ule.

Alimchapa Nyanjige viboko vinne vya mkononi, viwili huku na viwili huku. Mtoto hakulia. Kisha akatoa mkasi akampitishia barabara kutoka kwenye paji la uso hadi kisogoni, ili asiwe na njia ila kunyoa zote. Hivyo ndivyo walimu wote walivyofanya, wala hakuna aliyeona ajabu. Nywele zikamdondokea mabegani na chini kwenye vumbi. Ndipo Nyanjige alipopiga magoti, akaanza kuziokota moja moja na viganja vyake vilivyovimba.

"Unafanya nini?"

"Naomba nywele zangu, mwalimu."

"Nywele zako? Unataka kwenda kuzipanda na pamba?"

"Naomba tu nywele zangu."

Anyesi aliona huo sasa ni ujeuri wa wazi, mbele ya shule nzima. Akamwongeza viboko viwili. Akaamuru wasichana wa darasa la sita walete nyembe, wawamalize wote kumi na wanne pale pale nyuma ya darasa, wafagie, takataka zote ziende shimoni. Mpaka kengele ya mapumziko ilipogongwa, Nyanjige alikuwa na kipara kinachong'aa, amekaa kwenye dawati lake, mikono ameificha kwapani. Aliulizwa hesabu, akajibu sawasawa.

Wakaguzi walikuja Jumatano. Walikaa ofisini dakika arobaini, wakanywa soda, wakasaini kitabu cha wageni, wakaondoka. Hakuna kichwa cha mtoto hata kimoja walichokitazama.

Alhamisi asubuhi Bundala alifika shuleni. Alikuwa mtu mrefu wa makamo, amevua kofia tangu getini. Anyesi alipomwona akajiweka tayari, maana wazazi wa siku hizi, alijiambia, wamesikia neno haki redioni.

"Mwangaluka, mayu," Bundala alisalimia, kwa heshima anayopewa mama, ingawa mwalimu alikuwa na umri wa kuwa binti yake.

"Mwangaluka, bhabha. Karibu kiti."

Hakukaa. "Sikuja kugombana, mwalimu. Fimbo ni yako, sisi wenyewe ndio tuliomleta mtoto hapa. Nimekuja kuchukua nywele."

"Nywele?"

"Za Nyanjige. Ameniambia mlizikusanya."

Bundala akaendelea kueleza taratibu, anavyoelezwa mgeni njia. Mke wake, Sayi, alipougua alirudishwa kwao Mwamanyili akauguzwe na mama yake. Mwezi wa pili akafariki, akazikwa huko huko. Na katika ukoo wa akina Bundala, mama akifa watoto wake hawagusi vichwa vyao mpaka pamba itoke shambani. Pamba ikishatoka, shangazi yao anakuja, anawanyoa wote siku moja, kuanzia mkubwa hadi mdogo, kwenye ungo mmoja. Nywele hizo zinapelekwa kaburini. Mpaka siku hiyo mtoto hasemi kwa mdomo wake kwamba mama amekufa. Akiulizwa, anasema amesafiri.

"Kwa sababu hizo ndizo nywele zilizomwona mama," Bundala alisema. "Zilikuwa kichwani tulipomfukia. Zitakazoota sasa hazimjui. Shangazi yao anakuja Jumamosi. Ndiyo maana nimekuja mapema."

"Na ambaye nywele zake hazipo kwenye ungo?"

Bundala alifikiri. Ilionekana kabisa kwamba hajawahi kuulizwa swali hilo. "Haijawahi kutokea kwetu, mwalimu. Sijui anakuwa nani."

Anyesi hakusubiri. Alitoka ofisini mbio, na viatu vyake vya kisigino, mpaka kwenye shimo la taka nyuma ya vyoo. Anatoli, mlinzi wa shule, alikuwa pale anapalilia.

"Taka za Jumanne ziko wapi?"

"Nilizichoma, mwalimu. Mkuu alisema wakaguzi wasikute uchafu. Nilirundika na mabua ya pamba, zikawaka vizuri sana." Alisema kwa kujivuna, masikini, kazi alikuwa ameifanya.

Mwalimu Anyesi aliingia shimoni. Sketi yake ya pasi, kalikiti yake, vyote. Akapekua jivu kwa mikono, akapata vipande vya penseli, kifungo, kisigino cha kandambili. Akapata kishungi kidogo cha nywele kilichoungua upande mmoja, akakishika kwenye mwanga, kisha akakumbuka: wasichana kumi na wanne. Kingeweza kuwa cha yeyote kati yao. Alilia pale pale, ameketi kwenye jivu. Anatoli akageuza uso akaendelea kupalilia nyasi ambazo alishazipalilia.

Mwalimu Maganga alikuja kusimama ukingoni. "Kwani hukujua?" aliuliza kwa upole. "Msiba ule kijiji kizima kinaujua. Nilidhani umeambiwa."

"Niambiwe na nani?"

Kila mtu alidhani mwingine amemwambia.

Mchana Anyesi akamwita Nyanjige chini ya upenu wa jengo, peke yao. Alikuwa amepanga maneno ya kuomba msamaha, na mwalimu wa miaka ile kumwomba mwanafunzi msamaha halikuwa jambo dogo. Kilichomtoka ni kingine.

"Kwa nini hukuniambia, mwanangu?"

"Nisingeweza kusema, mwalimu. Ni mwiko." Nyanjige alimtazama kwa mara ya kwanza tangu Jumanne. "Niliomba nywele."

Na ni kweli. Aliomba mara mbili, kwa adabu, na mara ya pili alichapwa kwa kuomba.

Jumamosi Anyesi alikwenda msibani. Angeweza kubaki nyumbani, walimu wenzake walimshauri abaki, lakini alikuwa na jambo moja moyoni. Alimkuta shangazi, Maximiliana, mama mnene mwenye sauti ya chini, anakung'uta ungo uani. Akapiga magoti mbele yake kama mkwe.

"Mama, nimekosa. Mtoto hana kosa. Nakuomba umkalishe na wenzake, umpitishie wembe hata kwa kugusa tu. Au uninyoe mimi, zangu ziingie mahali pake."

Maximiliana alimwinua kwa mikono yote miwili. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililomkata Anyesi maini. "Mwanangu, nimelia siku mbili kwa ajili ya hilo. Mimi mwenyewe nampenda huyu kuliko wote, ndiye anayefanana na wifi yangu. Lakini nitaweka nini kwenye ungo? Nimdanganye marehemu? Zako hazikumwona. Zilizoanza kuota juzi hazikumwona. Karibu kiti, ukae."

Akawekewa kiti upande wa wageni, kivulini kwenye ukuta wa nyumba, pamoja na majirani na katekista wa kanisa. Watoto wa Sayi wakaketi kwenye mkeka katikati ya ua. Walikuwa wanne, na Nyanjige alikuwa wa pili. Alikuwa amekaa hapo na wenzake tangu asubuhi, kwa sababu hakuna aliyekuwa na moyo wa kumwambia aondoke.

Maximiliana akalowesha wembe. "Keneth," aliita, na kijana mkubwa akasogea, akainamisha kichwa. Nywele zikaanguka kwenye ungo. Alipomaliza, shangazi alimuuliza kwa sauti ya kusikika na wote, "Mama yako yuko wapi?"

"Mama yangu amekufa," Keneth alijibu, na kilio chake kikatoka, kilio alichokizuia tangu Februari, na wanawake wakampokea.

Shangazi akaosha wembe. Akakaa nao mkononi muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Nyanjige alikuwa ameshainamisha kichwa chake cheupe.

"Masunga," shangazi akaita.

Alikuwa wa tatu, wa miaka tisa, mchunga ng'ombe ambaye bado hajaanza shule. Alimtazama dada yake, akamtazama shangazi, akasogea akiwa amechanganyikiwa. Naye akanyolewa, naye akaulizwa, naye akasema, akalia. Kisha akafuata Elizabeth wa miaka mitano, ambaye hakulia kwa sababu ya mama bali kwa sababu ya wembe, na watu wakacheka kidogo katikati ya machozi. Ungo ukafunikwa kwa khanga ya marehemu. Hakuna aliyemuuliza Nyanjige mama yake yuko wapi.

Ndipo mtoto akasimama mwenyewe, taratibu, akajikung'uta sketi. Akavuka ua. Anyesi alidhani anakwenda jikoni, au nyuma ya nyumba kulia, na aliomba Mungu iwe hivyo. Lakini Nyanjige alikuja moja kwa moja upande wa kivuli, akakaa chini kando ya kiti chake, miguu ameikunja vizuri.

Chakula kikaletwa. Wenye msiba hula mwisho, pamoja, kutoka chungu kimoja. Binti mmoja wa jirani akapita na jagi na beseni akinawisha wageni. Akamnawisha katekista, akamnawisha mwalimu, kisha akasita mbele ya Nyanjige, hajui afanye nini. Nyanjige akanyoosha mikono. Michirizi ya fimbo ilikuwa bado ipo kwenye viganja, imeanza kuwa ya kijani. Maji yakamiminwa.

Sahani ya ugali na nyama ikawekwa mbele ya mwalimu, naye hakuweza hata kuigusa. Upande wa pili wa ua Keneth, Masunga na Elizabeth walikuwa wamekumbatiana, na sauti zao zilikuwa zinasikika, wakimtaja mama yao kwa jina, wakisema amekufa, amekufa.

Nyanjige alimega tonge, akalishika.

"Kula, mwalimu," alisema polepole, macho yake kwenye sahani. "Sisi wageni ndio tunaoanza."